Jua huchomoza, unga huumuka: barua zenu kuhusu neno "rise"

Mwezi uliopita nilikigusia kwa mistari michache kitenzi cha Kiingereza "rise", nikasema ni katika maneno mepesi yanayomwangusha hata mtafsiri mzoefu. Barua zilizofuata ni nyingi kuliko nilizowahi kupokea kwa ajili ya neno moja. Nimezifupisha, na zilizouliza jambo lilelile nimezijibu pamoja. Majina ya walioandika nimeyaacha.

*Shikamoo Mwalimu. Nipo mwaka wa pili, nasomea tafsiri. Nikitafuta "rise" kwenye kamusi napata inuka, panda, amka, chomoza, umuka, fufuka, ongezeka, zuka. Nikichagua moja, mhadhiri ananiandikia pembeni "si hili". Nitajuaje ni lipi?*

Marahaba mwanangu. Orodha ya kamusi haina kosa. Tatizo lake ni kwamba inakupa majibu bila kukupa swali, na swali lenyewe ni hili: kinachopanda ni nini?

Kiingereza kikisema "rise" kinatazama mwelekeo. Kitu kilikuwa chini, sasa kiko juu zaidi, basi. Jua, unga, moshi, bei, mtu aliyelala na mtu aliyekufa wote wanapitia mlango mmoja. Kiswahili kinakitazama kwanza kitu chenyewe, na namna kinavyofanya hadi kikawa juu.

Chukua jua. Tunasema limechomoza. Kuchomoza ni kutokeza ncha kutoka mahali palipoziba: msumari uliopitiliza ubao umechomoza upande wa pili, jino la mtoto limechomoza kwenye ufizi, kidole gumba kimechomoza kwenye soksi iliyotoboka. Kwa hiyo jua linapochomoza tunauona ule ukingo mwembamba wa kwanza. Likishajitoa lote na kuuacha upeo, hilo limepanda. Sentensi ya Kiingereza "the sun had risen" inaweza kuwa ya alfajiri ileile, inaweza kuwa ya saa tatu asubuhi, na kitenzi chenyewe hakikuambii. Itakubidi usome aya nzima ujue wahusika wanafanya nini, ndipo uandike "jua lilikuwa limechomoza" au "jua lilikuwa limeshapanda". Na mwezi mpya ni habari nyingine kabisa, huo huandama.

Sasa unga. Nilipopata barua yako nilikanda unga wa ngano kwa hamira, nikauweka kwenye bakuli, nikaufunika kwa kitambaa kibichi, nikaketi pembeni makusudi ili nikujibu kwa kitu nilichokiona. Mwanzoni kitambaa kilikuwa kimebonyea katikati. Baada ya kama saa nzima kilikuwa kimetuna, na nilipokifunua, uso wa unga ulikuwa umelainika, una vipovu vidogo chini ya ngozi yake. Nikaubonyeza kwa kidole. Shimo likabaki, kisha likaanza kujifumba taratibu. Hamira ni viumbe hai. Vikila sukari iliyomo katika unga hutoa hewa ya kabonidayoksaidi, na hewa hiyo hunaswa ndani kwa sababu unga wa ngano uliokandwa unanyumbuka. Unga haukwenda popote. Umetanuka kutoka ndani kwake, ukawa umejaa pumzi. Hilo ndilo linaloitwa kuumuka, na kila ninaposoma maelekezo ya upishi yaliyotafsiriwa kwamba "acha unga upande kwa saa moja", najua mara moja mtafsiri hakuwa anauona unga. Alikuwa anaiona kamusi.

Endelea hivyo hivyo na vingine: moshi hufuka, vumbi hutimka, maji ya bahari hujaa na kupwa, aliyelala huamka, aliyeketi huinuka, aliyekufa hufufuka, tatizo huzuka. Kila kimoja kina kitenzi chake kwa sababu kila kimoja kina tendo lake.

Hasira ndiyo iliyonichukua muda mrefu zaidi kuielewa. Kiingereza kinasema "his anger rose", na hasira hapo inapanda ndani ya mtu kama maji ndani ya chombo. Sisi tunasema "hasira zimempanda", au "amepandwa na hasira". Umeona aliyekaa wapi? Mtu ndiye anayepandwa, kama mnyama anavyopandwa mgongoni, na hasira ndizo zilizoshika hatamu. Tafsiri iliyoandika "hasira yake ilipanda" inaeleweka, lakini imemwondolea msomaji ile picha ya mtu aliyetawaliwa. Mori nao ni hivyo hivyo.

Mimi nina mazoea ya tangu ujana. Nikikutana na "rise" kwenye karatasi nakifunika kitenzi kwa kidole, nasoma sentensi iliyobaki, halafu najiuliza ningesemaje kama Kiingereza hakikuwepo. Fanya hivyo kwa wiki mbili kabla ya kuligusa lile orodha la kamusi, kisha uniandikie tena.

*Mwalimu, natafsiri kumbukumbu za vikao. Nimekutana na "The committee rose at 5 p.m." Mwenzangu anasema kamati ilisimama kwa heshima ya mtu fulani. Mimi nina wasiwasi.*

Wasiwasi wako ni wa haki, na ningependa mtu angenionya mimi mapema hivyo. Miaka mingi iliyopita niliandika katika kumbukumbu za kikao, "kamati ilisimama saa kumi na moja jioni". Kumbukumbu zikasambazwa. Kesho yake mjumbe ambaye hakuhudhuria akapiga simu ofisini kuuliza, kwa sauti ya chini, ni nani aliyefariki. Alidhani kamati ilisimama kimya kwa ajili ya marehemu. Nilisikia aibu, lakini zaidi ya aibu nilimwonea huruma yule bwana kwa usiku aliolala na wazo hilo.

Katika lugha ya vikao ya Waingereza, kuanzia bunge lao hadi kamati ndogo, "rise" ni kumaliza kazi ya siku. Wajumbe wananyanyuka vitini na kuondoka. Kwa hiyo "the House rose" ni Bunge liliahirishwa, na "the committee rose" ni kikao cha kamati kilifungwa, au kiliahirishwa kama kitaendelea kesho. Kinyume chake ni "sit", na hapa Kiswahili na Kiingereza vimekutana vizuri: wao huita mkutano "sitting", nasi tunaita kikao, neno lililotoka kwenye kukaa. Tumekubaliana namna ya kuanza. Namna ya kumaliza kila mmoja ana yake.

Kwa kuwa wawili wengine wameuliza kuhusu mito, niweke hapa hapa. Mto katika Kiingereza una "rise" za aina mbili. "The Danube rises in the Black Forest" maana yake mto Danube unaanzia katika Msitu Mweusi, Ujerumani. Huko ndiko chimbuko lake. Vivyo hivyo Rhine na milima ya Alps ya Uswisi. Nimekuta kitabu cha jiografia kilichotafsiriwa kikisema mto "unapanda" katika msitu, na maskini mwanafunzi anayesoma hayo atabaki kushangaa maji yanayokwenda mlimani. Aina ya pili ni "the river rose two metres", nayo ni mto umejaa, kina kimeongezeka mita mbili. Ukiona jina la mahali mto ulipotokea na kitenzi kiko katika wakati uliopo, ni chimbuko. Ukiona kipimo au mvua, ni kujaa.

*Mwalimu, mwanangu yuko kidato cha pili na kila mtihani anapoteza alama kwa kuchanganya "rise" na "raise". Mimi mwenyewe sijui namna ya kumsaidia.*

Mzazi mwenzangu, mwanao analijua jambo hili tayari kwa Kiswahili. Hajaambiwa tu kwamba ni lilelile.

Mwulize tofauti ya kuamka na kuamsha. Atakujibu bila kufikiri: naamka mwenyewe, namwamsha mdogo wangu. Mwulize kupanda na kupandisha, kuanguka na kuangusha, kulala na kulaza, kuinuka na kuinua. Yote anayajua. Sasa mwambie "rise" ni kuinuka na "raise" ni kuinua. Kitu kinaweza ku-"rise" chenyewe. Ku-"raise" lazima awepo wa kukiinua na kitu cha kuinuliwa. Mkono wangu hau-"raise". Mimi ndiye ninaye-"raise" mkono.

Kisha, kama anapenda lugha, mwoneshe jambo zuri zaidi. Kiingereza cha zamani na ndugu zake wa karibu kilikuwa na njia ya kutengeneza kitenzi cha kutendesha kutoka kitenzi cha kawaida, kama tunavyofanya kwa viambishi vyetu, ila wao walifanya kwa kubadili sauti ya ndani. Njia ile ilikufa, ikaacha mabaki machache: "lie" na "lay", yaani lala na laza, "sit" na "set", keti na ketisha, "fall" na "fell", anguka na angusha, hili la pili sasa likitumika hasa kwa kuangusha mti. "Rise" na "raise" ni wa ukoo huo. "Rise" ni neno la Waingereza wenyewe tangu kale, na "raise" waliletewa na watu wa Skandinavia walioingia kwa mashua na kuhamia kwao zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Neno lao wenyewe la kutendesha lilikuwa limeshageuka kuwa "rear", ambalo bado lipo katika kulea watoto. Ndiyo maana leo mtu anaweza kusema "rear children" au "raise children", na yote mawili ni kumwinua mtoto kutoka chini mpaka awe mtu. Mimi hupenda sana kufundisha somo hili, kwa sababu darasa linaloambiwa kila siku kwamba Kiingereza ni kigumu linagundua kwamba hapa Kiswahili ndicho kilichohifadhi mpangilio mzima, na Kiingereza kimebaki na vipande.

Maumbo ayakariri, hakuna njia ya mkato: rise, rose, risen, raise, raised, raised. Na asishtuke akisoma kwamba mfanyakazi wa Uingereza ameomba "a rise" na wa Marekani ameomba "a raise". Wote wanataka nyongeza ya mshahara.

*Mwalimu, niko chumba cha habari. Nilitafsiri kwa kusikiliza sauti ya ripota aliyesema nyumba za kijiji kizima zilikuwa "raised to the ground". Niliandika ziliinuliwa, mhariri akanirudishia. Nilisikia vibaya?*

Masikio yako ni mazima. Ulichosikia ni "razed", kinachotamkwa sawasawa kabisa na "raised", na maana yake ni kinyume: kubomoa mpaka pasibaki ukuta uliosimama. Kimetokana na neno la Kilatini la kukwangua na kunyoa, ukoo mmoja na "razor", wembe. Ukiukumbuka wembe hutakosea tena. Nyumba zimenyolewa zikabaki sawa na ardhi. Yale maneno ya mwisho, "to the ground", yangekuambia, kwa sababu hakuna kinachoinuliwa kwenda ardhini. Unapotafsiri kwa kusikiliza, usiandike kitenzi kabla sentensi haijaisha.

Kwa kuwa uko chumba cha habari, nikubane kidogo kwenye jambo linalonikera zaidi ya hilo. Katika habari za uchumi, "rise" hufuatwa na vijineno viwili ambavyo watafsiri hawavisomi. "Rose by 5 percent", au "rose 5 percent" bila kijineno, ni kupanda kwa asilimia 5. "Rose to 5 percent" ni kupanda hadi kufikia asilimia 5. Tofauti ya "kwa" na "hadi" ni tofauti ya habari ya kweli na ya uongo. Halafu riba ikitoka asilimia 4 ikafika asilimia 5, imepanda kwa pointi moja ya asilimia. Ukiandika imepanda kwa asilimia 1 umekosea, kwa sababu 1 juu ya 4 ni robo. Riba yenyewe imeongezeka kwa asilimia 25. Mkopaji anayesoma habari yako anafanya uamuzi kwa herufi ulizoandika.

Na wingi wa visawe vyao uuheshimu. Bei iki-"edge up", imesogea kidogo tu. Iki-"climb", inapanda hatua kwa hatua. Iki-"jump", imeruka kwa mara moja. Iki-"surge", imekuja kama wimbi. Iki-"soar", imepaa. Naliona hili la mwisho likichakazwa na magazeti yetu. Kila bei imepaa, hata iliyopanda kwa kiasi ambacho mnunuzi hakioni. "Soar" awali ni kazi ya ndege mkubwa anayetandaza mbawa bila kuzipiga, hewa ya joto ikimbeba juu duara kwa duara mpaka anakuwa nukta. Mtazame mwewe siku moja mchana wa jua kali. Kisha uamue kama ongezeko la asilimia mbili linastahili kitenzi hicho. Nakuomba, likopeshe neno "kupaa" siku za kupaa kweli, ili siku hiyo msomaji ashtuke.

Kuhusu "escalate", ulilouliza mwishoni: lilitoka kwenye "escalator", jina la kibiashara lililobuniwa kwa ngazi zinazojiendesha zilizooneshwa katika maonesho ya Paris mwaka 1900. Ngazi zikapata jina kwanza, kitenzi kikachomolewa humo baadaye. Kwa vita na ugomvi, Kiswahili hakina haja ya ngazi: mapigano yamepamba moto, mgogoro umezidi.

*Mwalimu, nilimwambia mgeni kwa Kiingereza kwamba "I climbed the bus", akanitazama kwa mshangao. Si kupanda basi? Na "climb" na "ascend" zinatofautiana nini?*

Alikuona juu ya paa la basi, umeshikilia vyuma. "Panda" yetu ina maana ya kuingia chombo cha safari, "climb" haina. Basi, treni na ndege wao husema "get on" au "board". Ukisema "climb into a car" itakubalika, lakini msikilizaji ataona mtu anayejikunja kupita mlango mdogo au kujivuta kwenye gari refu.

Hapo ndipo siri ya neno hili ilipo. Wengi tumefundishwa kwamba "climb" ni kwenda juu. Lakini Mwingereza husema "climb down the ladder", "climb out of the window", "climb through the fence", na hakuna anayeshangaa. Jambo la msingi katika "climb" ni viungo: mikono na miguu inashika, inakanyaga, inajivuta. Mwelekeo ni juu usipotajwa mwingine. Nyoka hana mikono, moshi hauna miguu, ndiyo maana vikipewa "climb" vinapewa kwa kupanda juu tu. Sentensi ya moshi ku-"climb down" haisimami. Kwa Kiswahili huwezi kupanda chini. Utashuka kwa kushikilia ngazi, utachupa dirishani, utapenya uani, kila mwendo na jina lake. Na kwa upande wa mti tuna hazina ambayo vijana wanaiacha ipotee: kukwea, na kuparaga, yaani kupanda kwa kuukumbatia mti kwa mikono na miguu. "Climb" tupu haina namna ya kulisema hilo la pili.

"Ascend" ni neno la Kilatini, limevaa rasmi. Halijali viungo hata kidogo. Puto hu-"ascend", kuhani hu-"ascend" madhabahuni, ngazi yenyewe iliyosimama tuli huweza ku-"ascend". Wapanda milima hutumia nomino yake, "ascent": Edmund Hillary na Tenzing Norgay walipofika kilele cha Everest tarehe 29 Mei 1953, vitabu viliandika "first ascent", ingawa walichokifanya kwa mikono na miguu yao ni "climb" ya kufa na kupona. Kwa mambo ya imani, kupaa ndiko kunakofaa. Tuna Sikukuu ya Kupaa kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine Miraji, neno la Kiarabu lenye mzizi wa kupanda juu.

Mfano mmoja unaonesha maneno haya mawili bega kwa bega, na mimi huutumia kila mwaka darasani. Februari 1952, Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, alikuwa Kenya na mumewe. Walilala Treetops, nyumba ya wageni iliyojengwa juu ya mti mkubwa katika msitu wa Aberdare, wakitazama wanyama wakija kunywa maji. Usiku huo wa kuamkia tarehe 6, baba yake, George VI, alifariki usingizini Uingereza. Elizabeth alipanda mtini akiwa binti mfalme, akashuka akiwa malkia, wala wakati anashuka hakujua; habari zilimfikia baadaye siku hiyo. Sasa tazama vitenzi. Ule mti aliu-"climb": ngazi, mikono, miguu. Kiti cha enzi ali-"ascend" bila kunyanyua unyayo, labda akiwa ameketi anatazama tembo. Ukibadilisha vitenzi hivyo mahali, sentensi zote mbili zinaharibika. Na Kiswahili kwenye kiti cha enzi hakipandi: mtu hurithi ufalme, hukalia kiti, hutawazwa. Kutawazwa kuwe kwa siku ya sherehe. Elizabeth alivikwa taji tarehe 2 Juni 1953, zaidi ya mwaka mzima baada ya kuwa malkia.

*Kwa nini Wakristo wa Kiingereza husema "He is risen" wala si "He has risen"?*

Zamani Kiingereza kilitumia "is" kwa vitenzi vya mwendo na mabadiliko, kama Kifaransa na Kijerumani hadi leo. Desturi ilikufa, sentensi hii ikabaki kwa sababu watu hawapendi kubadilisha maneno ya ibada. Kiswahili chake ni neno moja, "amefufuka", na hakihitaji msaada wa kitu chochote.

*Mwalimu, natafsiri kitabu cha historia ya Ireland. Nimekwama kwenye sura ya "Easter Rising". Nimeandika "Uasi wa Pasaka" na moyo wangu haujatulia.*

Wangu pia haujatulia tangu nisome barua yako, na nimeiacha ya mwisho kwa sababu nimeikalia siku nyingi.

Jumatatu ya Pasaka, tarehe 24 Aprili 1916, watu waliotaka Ireland ijitoe katika utawala wa Uingereza waliteka majengo kadhaa ya Dublin. Patrick Pearse, mmoja wa viongozi wao, alisoma tangazo la jamhuri mbele ya Posta Kuu. Tarehe 29 wakasalimu amri, na mwezi wa Mei viongozi wao wakapigwa risasi. Kwa Kiairishi tukio hilo huitwa Éirí Amach na Cásca, na "éirí" ni kuinuka. Kwa hiyo "Rising" ni jina lililochaguliwa na waliolienzi. Wapo walioliita "rebellion", na hao walikuwa na sababu zao.

"Uasi" ni "rebellion". Mwasi ni aliyekataa amri ya mwenye haki ya kumwamuru. Neno limeshatoa hukumu kabla msomaji hajafika aya ya pili. Hata "insurgent" la Kiingereza, ambalo kwa asili ya Kilatini ni mwenye kuinuka tu, limepatwa na hali hiyo. "Mapinduzi" hayafai, maana serikali haikupinduliwa. "Mwinuko" ungekuwa ndiyo tafsiri ya moja kwa moja, lakini umeshachukuliwa na jiografia; msomaji ataona kilima.

Nilichogundua ni kwamba nomino ndiyo inayotukwamisha. Kitenzi chetu ni kizima kabisa. "Wananchi waliinuka" inasema kila kitu kinachosemwa na "Rising": walikuwa wameinamishwa, wakasimama, bila kuambiwa walikuwa na haki au hawakuwa nayo. Basi acha nomino. Sura uipe jina "Dublin ilipoinuka: Pasaka ya 1916". Ndani ya sura, mwandishi akisema "the Rising", wewe andika "siku zile za kuinuka" au "walipoinuka", kadiri sentensi inavyoruhusu. Akimnukuu ofisa wa serikali ya Uingereza akisema "rebellion", hapo weka "uasi" bila kusita, ili msomaji wako asikie pande mbili zikizungumza, kila upande kwa neno lake.